Mrehani, Rehani na Uongo Mdogo

Mwaka jana nilimdanganya jirani yangu kwa sababu ya mmea. Hakikuwa kisa kikubwa. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno matatu: "Umekauka, bi mkubwa." Lakini mpaka leo nikiukumbuka nahisi joto masikioni. Na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuwauliza watu kwa nini walisema walichosema, nimeona ni haki na mimi nijihoji.

Nakaa ghorofa ya pili kwenye moja ya zile nyumba za maendeleo hapa Chake Chake, zilizojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ilikuwa Jumatano, magharibi imeshaswaliwa. Jirani yangu wa chini alipanda ngazi taratibu, maana magoti yanamsumbua, akapiga hodi. Nikafungua mlango nusu. Akanisalimia, akaniuliza kazi, akaniuliza hali ya mama aliyeko Wete, kisha akafika kwenye lililomleta.

"Mwanangu, Ijumaa ndiyo harusi ya mjukuu wangu. Asumini tumepata, mkadi tumepata, mrehani ndio umetupungukia. Nikasema, ah, mbona mwanangu wa juu anao? Nipe vijitawi viwili vitatu tutilie kwenye vikuba."

Kwa msomaji asiyetoka pwani: kikuba ni kifungu kidogo cha maua na majani yenye harufu ambacho mwanamke hukivaa kifuani au kichwani, khasa penye harusi. Kikuba bila mrehani kinafungika, lakini atakayekinusa atajua kuna kitu hakimo.

"Umekauka, bi mkubwa," nikamwambia. "Jua la juzi hili."

Alinitazama kidogo. "Haya mwanangu. Mungu atajaalia mwengine." Akashuka ngazi zake.

Mrehani haukuwa umekauka. Ulikuwa hatua nne nyuma yangu, kwenye dirisha la jikoni, umestawi mpaka unagusa nondo. Nilikuwa nimetoka kuumwagilia, na kila nikiumwagilia nina tabia ya kuupapasa majani. Anayeujua mrehani anajua kinachofuata. Harufu ilikuwa imejaa jikoni, imejaa ukumbini, na sina shaka ilikuwa imetufikia sote wawili pale mlangoni.

*

Mmea wenyewe ulikuwa wa bibi yangu, Mtambwe. Kwake ulikuwa nje, ubavuni mwa mlango, mahali ambapo anayeingia lazima uupitie kwa bega. Sikumbuki siku hata moja nilipouona umekamilika. Kila mara ulikuwa umechumwa upande. Mwenye mtoto mchanga kachuma, mwenye harusi kachuma, na watoto tunaotoka chuoni tunachuma bila sababu, tunasugua viganja na kunusiana. Bibi hakuwa mpole kwa kila kitu. Embe zake ukizigusa utasikia. Lakini kwa mrehani sijapata kumsikia akimuuliza mtu "nani kakuruhusu?"

Alipofariki, wanaume walimchukua makaburini na sisi wanawake tukabaki nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Kaka yangu alirudi na udongo kwenye magoti ya kanzu. Akaniambia walichomeka tawi bichi la mrehani juu ya kaburi. Nilimuonea wivu, na naandika neno hilo nikijua maana yake. Yeye alikuwa na udongo. Mimi nilikuwa na masufuria ya kuosha.

Baada ya arubaini nyumba ilifungwa. Nilikata kitawi kimoja, urefu wa kiganja, nikakitia kwenye chupa ya maji, nikarudi nacho Chake nimekishika mkononi ndani ya daladala kama mtu aliyeshika yai. Baada ya siku kumi hivi kilitoa mizizi myeupe. Nikakipanda kwenye kopo la maziwa ya unga. Hilo ndilo lililokuwa kaburi langu, la kulizuru bila kuomba ruhusa ya mtu.

*

Kukuza mimea ya jikoni ndani ya nyumba kwenye nchi ya joto si jambo la kukisia, nami nilijifunza kwa hasara. Nilianza kama wengi wa rika langu, kwa simu. Video zote zilisema weka kopo kwenye dirisha la kusini, ndilo lenye jua. Nikaweka. Ilikuwa Juni, mrehani ukapauka na kurefuka kama unaochungulia kitu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba waliokuwa wakinishauri wanaishi kaskazini ya dunia, ambako jua la mchana liko kusini siku zote. Pemba iko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Kwetu, kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri linaelemea kaskazini, na miezi iliyobaki linaelemea kusini. Dirisha langu la kusini mwezi wa Juni halioni jua kabisa, na la kaskazini mwezi wa Disemba halilioni vilevile. Kwa hiyo mmea wa ndani hapa ni lazima uhame mara mbili kwa mwaka, kama jahazi linalosubiri kusi na kaskazi.

Mengine nilijifunza mmoja mmoja. Kopo la bati likipigwa na jua huchemsha mizizi, basi nikalitia ndani ya pakacha. Udongo peke yake hugeuka tofali, basi nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Kopo lisilotobolewa chini huozesha mmea, na lililotobolewa likaachiwa sahani yenye maji hukuzalia mbu. Kotmiri haipendi joto. Inaota vizuri, halafu kabla hujapata hata mchuzi mmoja inarefuka na kutoa maua. Dawa yake ni kusia mbegu nyingi kwa pamoja, kuipa jua la asubuhi tu, kuikata ingali changa, na kusia tena baada ya wiki mbili tatu. Nanaa inaishi vyema kivulini ili mradi udongo usikauke. Mchaichai uliota mpaka ukaniziba njia ya jiko, nikaurudisha shamba.

Nayasema haya si kwa kujisifu. Nataka uone jinsi ilivyokuwa rahisi kwangu kusema: mmea huu ni kazi ya mikono yangu. Na nataka uone kitu kingine. Ulaya mtu huingiza mmea ndani aukimbize baridi. Sisi hapa baridi hatuna. Tunauingiza ndani tuukimbize jua kali, upepo wa chumvi, kuku, mbuzi. Na majirani.

*

Nilipofunga mlango siku ile nilijiambia kwanza kwamba mmea ni wangu. Hoja hii ina wazee wake. John Locke, Mwingereza wa karne ya 17, alidai kwamba kitu kisicho na mwenyewe hugeuka mali ya mtu pale anapokichanganya na jasho lake. Maji nilipanda nayo mimi, ghorofa mbili, siku bomba likikatika. Samadi niliibeba mimi. Jasho lipo.

Lakini Locke aliweka sharti: chukua, ila uwabakishie wenzako cha kutosha na kizuri kama hicho. Na hapo mrehani unanifunga mdomo, maana ni katika vitu vichache duniani ambavyo ukimpa mwenzako kitawi, kesho yeye ana mti mzima na wewe wako uko palepale. Sikuwa na hofu ya kupungukiwa.

Halafu mimi ni mtu wa Pemba, na hapa neno "wangu" kwa mmea halikuwahi kuwa jepesi. Kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe huyu na mti ulio juu yake ukawa wa yule. Mtu ana mikarafuu yake mitatu katikati ya shamba la mwengine, anaichuma na kuirithisha, na mwenye ardhi anapita chini yake bila ya kugusa. John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeandika juu ya umiliki wa ardhi Zanzibar katika kitabu kilichotoka 1961, alikuta mambo ya namna hii ya kumuumiza kichwa mwanasheria yeyote. Baada ya Mapinduzi serikali ikaichukua ardhi, watu wakagaiwa eka tatu tatu, na suala la nani mwenye mti likapata tabaka jingine. Karafuu yenyewe, hata mti ukiwa wako na jasho lako, kwa miaka mingi mnunuzi halali amekuwa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Anayeivusha kwa magendo kwenda Kenya anakutana na KMKM baharini.

Ndani ya mfumo huo mgumu kuna mpeta. Mpeta ni zile karafuu zinazoanguka chini wakati wa uchumaji, na wanaoziokota ni watoto na kinamama wasiokuwa na mikarafuu. Mwenye shamba akikaa chini ya mti na fimbo, kuhakikisha hakuna kiganja kinachoondoka na mpeta, kuna jina ataitwa kijijini, na si jina zuri. Najua pia wenye mashamba wanaolalamika, na wana haki yao: wapo waokotaji wanaotikisa matawi ili kiangukacho kiwe kingi. Ugomvi huo unaonesha kwamba pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba katika mali ya mtu mna kipande cha ukingoni ambacho hakimo mkononi mwake moja kwa moja. Kinachogombewa ni upana wa ukingo.

Vitawi viwili vitatu kwa ajili ya vikuba, kama si ukingo, ni nini?

*

Sababu yangu ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, nami bado sijaitupa. Niliwaza: huu si mmea, ni bibi yangu. Mtu haombwi vipande vya bibi yake.

Wapenzi wa fasihi watamkumbuka Lisabetta wa Messina, katika Decameron ya Boccaccio, hadithi ya tano ya siku ya nne. Kaka zake wanamuua kijana anayempenda na kumzika porini. Yeye anakwenda kumfukua, anakikata kichwa, anakiweka ndani ya chungu, anakifukia kwa udongo na juu yake anapanda mrehani, kisha anaumwagilia kwa machozi. Mmea unastawi ajabu. Majirani wanaona namna binti anavyokonda juu ya chungu, wanawaambia kaka zake. Kaka wanakiiba chungu, wanagundua kilichomo, wanakimbia mji. Lisabetta anakufa akikiulizia. Keats aliichukua hadithi hiyo mwaka 1818 akaifanya shairi refu, na tangu hapo wachoraji hawajaiacha.

Nilipoisoma chuo kikuu niliona ni hadithi ya kutisha ya Wataliano. Nilipoirudia baada ya mkasa wa mlangoni nilishtuka kuona nilivyokuwa upande wa chungu. Kila aliyemsogelea Lisabetta, hata kwa nia njema, alimdhuru. Majirani wangenyamaza. Kaka wangemuachia. Kuna huzuni ambayo haki yake ya kwanza ni kuachwa peke yake chumbani, na anayesema kila kitu ni cha kugawana hajapata kufiwa, au amesahau.

Kwa hiyo nasema wazi: nilikuwa na haki ya kunyima. Kama ningemwambia bi mkubwa, "Huu ni wa marehemu bibi, moyo wangu bado haujakubali kuukata," nisingekuwa nimemkosea. Angeelewa kabla sijamaliza sentensi. Yeye mwenyewe ameshazika mume na watoto wawili.

Sikusema hivyo. Na tofauti kati ya nililolisema na nililokuwa na haki ya kulisema ndiyo inayonishughulisha hapa.

*

Kabla ya kufika huko kuna njia ya mkato, na lazima niizibe, kwa sababu nilikaribia kuipita.

Mwezi mmoja baada ya harusi mrehani wangu ulianza kuharibika. Ulitoa maua kila ncha. Majani yakawa madogo, shina likawa gumu kama ukuni, chini ukabaki kipara. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ndiyo tabia yake. Mrehani usiokatwa huenda kwenye maua, ukishazaa mbegu huona kazi yake imekwisha. Ukiukata juu kidogo ya jozi ya majani, pale palipokatwa hutoka matawi mawili. Ndiyo maana ule wa Mtambwe ulikuwa mfupi, mnene, na haukuzeeka. Watu wa kijiji kizima walikuwa wakiupogoa bila kujua. Mimi, kwa heshima zote nilizokuwa nazo, kwa muda wote ule sikuukata hata jani la chai.

Naam, unaliona funzo linavyokuja mbio: toa, ukitoa unaongezeka. Ningeweza kufunga insha hapa, na wengi wangetikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini silitaki funzo hilo. Kama sababu ya kumpa jirani ni kwamba mmea unanufaika, basi sijampa kitu, nimepogoa tu. Jirani amekuwa mkasi. Je, ingekuwa mmea wa namna nyingine, ambao kila tawi linalotoka halirudi, ningekuwa sina deni lolote? Bibi hakuwaachia watu wachume kwa kuwa alisoma kilimo. Na vilevile nimewahi kuona mrehani wa mtu uliochumwa na wapita njia mpaka ukafa. Kutoa hakuongezi siku zote. Wakati mwengine kutoa ni kupungukiwa, na swali la wajibu linaanza hapo khasa, haliishii hapo.

*

Lililonisaidia kufikiri lilitoka kwenye lugha yenyewe. Mrehani jina lake limetokana na Kiarabu, raihani, mmea wenye harufu nzuri. Kiswahili kina neno jingine, rehani, nalo ni la Kiarabu pia lakini la mzizi mwengine kabisa: kitu unachokiweka kwa mtu kuwa dhamana ya deni. Unaweka mkufu rehani, unaweka nyumba rehani. Huko Uarabuni maneno haya mawili hayana udugu. Yamefika kwetu yakavaa nguo moja.

Sidai kwamba mfanano huo unathibitisha kitu. Lakini umenipa swali. Aliyeshika rehani anayo mkononi. Anaifungia kabatini, anailinda na wezi, pengine anaipangusa vumbi kuliko mwenyewe. Jasho lake lipo. Pamoja na yote hayo, akiulizwa ni ya nani, hawezi kusema "yangu" bila kuongeza maneno.

Nilipokata kitawi Mtambwe sikukinunua. Bibi naye hakuununua wake. Alisema aliupata kwa shangazi yake, na shangazi bila shaka kwa mtu mwengine. Nikiurudisha nyuma mnyororo huo naona mikono ya wanawake waliopeana vitawi ndani ya chupa na vifuu, na hakuna mahali nionapo mtu aliyelipa. Ndiyo, mrehani huuzwa sokoni, sijifanyi sijui. Lakini huu haukupita sokoni. Ulinifikia kwa kuwa kila aliyekuwa nao kabla yangu, alipoombwa, alikata. Deni langu haliko kwa bibi peke yake, wala kwa bi mkubwa wa chini kwa kuwa ni jirani mwema. Liko kwenye njia ile iliyonifikishia. Naweza kuomba muhula, kama mdaiwa yeyote. Naweza kusema "bado". Siwezi kusema "hakuna".

Na hapa nauona ubaya wa lile neno "umekauka". Mmea wa mlangoni haukuruhusu usema hivyo. Bibi yangu hakuwa malaika. Nadhani zipo siku naye alitamani kukataa, lakini mrehani ulikuwa pale unaonekana, na akitaka kukataa angelazimika kukataa uso kwa uso na kueleza sababu. Kuonekana kwa mmea kulimlinda yeye na uongo kama kulivyowalinda jirani na kunyimwa. Mimi nilipouingiza ndani nilipata uwezo ambao bibi hakuwa nao: uwezo wa kuamua, kwa kufungua mlango nusu, kama kitu kipo au hakipo. Nikiukataa ombi lake, namuacha jirani na mahali pa kusimama. Anaweza kunihurumia, anaweza kunikasirikia, anaweza kurudi mwakani. Nikimwambia haupo, nimemuondoa kabisa kwenye jambo. Nimemfanya mgeni wa nyumba ambayo ngazi zake tunazifagia kwa zamu.

*

Ningependa kusema kwamba uongo ulikuwa wa upande mmoja. Haukuwa.

Bi mkubwa alijua. Harufu ile haifichiki. Hata hivyo alisema, "Mungu atajaalia mwengine," kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya kweli. Sisi Wazanzibari tuna neno sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika pale anapojivua nguo mwenyewe. Mimi nilimnyima vijitawi, yeye akanipa sitara, palepale, bila kufikiri. Na sitara ile nayo, ukiitazama kwa jicho la mwanahabari, ni uongo: alijifanya kuamini asichokiamini.

Basi kwa nini wake naustahi na wangu unaniunguza? Nimejaribu jibu hili: uongo wangu ulinilinda mimi, wake ulinilinda mimi vilevile. Wote wawili siku ile tulifanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Sijui kama hilo linatosha kwa mwanafalsafa, lakini linanitosha mimi kujua nani alikuwa mwenye mali pale mlangoni.

Baada ya maua yale niliukata mrehani wote, matawi yote marefu, nikayatia kwenye chupa sita. Manne yaliota mizizi. Moja nililipanda kwenye kopo jipya na baada ya wiki tatu nikashuka nalo chini. Iko hadithi ya Mtume, ipo katika Sahihi Muslim, inayofundisha kwamba anayepewa mmea wenye harufu nzuri asiukatae, kwa kuwa kuubeba si mzigo na harufu yake inapendeza. Nilipogonga mlango nikagundua kwamba nimechagua zawadi ambayo yeye hana njia ya kuikataa. Hata kutubu kwangu nilikuwa nimekuwekea ulinzi.

"Asalaam alaykum. Bi mkubwa, siku ile..." nikaanza.

"Wa alaykum salaam. Ingia mwanangu, chai ishachemka," akasema. Akalipokea kopo kwa mikono miwili, akainusa, akafumba macho. "Mashaallah. Huu wa wapi?"

"Wa bibi yangu. Mtambwe."

"Ah," akasema. Akaniangalia kwa muda mrefu kuliko siku ya kwanza. "Ungeniambia."

Ni hilo tu. Hakuniachia nafasi ya kukiri, na sijui mpaka leo kama ile ilikuwa sitara ya pili au adhabu ndogo. Pengine ni vyote viwili. Tukanywa chai, tukazungumza habari za maharusi.

Kopo hakuliweka ndani. Aliliweka kwenye kizingiti cha ngazi, pale penye matofali ya matundu, ambapo jua linaingia vipande vipande. Nilimwambia hapana mwanga wa kutosha, na watoto watauchuma mpaka ufe. Akanijibu, "Basi si na wewe upo juu? Ukifa utanipa mwengine."

Nikishuka kwenda kazini kila asubuhi naupitia. Ni mwembamba, umekwenda upande, haufanani na ule wa dirishani kwangu. Kila siku una kidonda kipya palipochumwa. Juzi nilimkuta mtoto wa ghorofa ya tatu anausugua viganjani, aliponiona akaficha mikono nyuma. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, cha hekima. Nikashindwa. Nikamnyooshea kiganja changu anipake na mimi.